Jicho la Kushoto

Jumatatu niliamka jicho moja limefungwa,
kope zimeshikana kama bahasha.
Nikalilowesha kwa maji ya chumvi, polepole,
mpaka likafunguka, likanitazama kwenye kioo
jekundu, limekasirika, kama si langu.

Nilijua ni nini. Sisemi sikujua.
Igogo nzima ilikuwa ikitoka machozi bila msiba,
na nesi wa zahanati alishapita akisema:
siku tano ndani, na kila mtu na taulo lake.
Ndani kwangu ni chumba kimoja, watu watano.
Taulo ni lile moja.

Kiwandani, juu ya sinki la kunawia,
kuna kibao: MGONJWA ABAKI NYUMBANI.
Hupakwa rangi upya kila wageni wakikaribia.
Chini yake pamebandikwa karatasi, mwandiko wa kalamu:
asiyefika hana posho ya siku.
Wewe ungeanza kusoma kipi?
Mwenye nyumba wangu hasomi vibao. Husoma kalenda.

Nikaivuta kofia ya nailoni hadi kwenye nyusi,
nikampita Malegi msimamizi kwa upande,
nikampa jicho la kulia, na salamu ndefu ya kwao.
Akaangalia buti zangu. Buti zilikuwa safi.

Basi nikasimama mezani, kisu namba kumi na nne,
sangara wakiteremka mbele yangu na barafu yao,
na macho yao meupe yasiyomwambukiza mtu.
Nikapasua, nikachuna, panki nikatupa kwenye kreti.
Jicho likawasha kama limemwagiwa mchanga.
Glovu zimelowa damu, nitalifuta na nini?

Nyanzobe wa kisu namba kumi na tano
akaliona linavuja, akadhani nalia.
Akavua glovu moja, akachomoa leso kifuani,
akanipangusa yeye mwenyewe, bila kuuliza,
kama anavyompangusa mwanawe pua.
Kisha akajifuta jasho la uso kwa leso hiyohiyo,
akairudisha kifuani.

Hapo ndipo ningesema.
Neno lenyewe lilikuwa fupi: usijifute.
Lilifika kwenye meno,
likahesabu siku zilizobaki za mwezi,
likarudi.

Wiki ya pili meza yetu ilikuwa na mapengo saba.
Malegi alivaa miwani ya jua ndani ya chumba cha baridi,
akifoka kwamba minofu haijazi hata nusu ya kontena,
akigongagonga viti kama kipofu wa sokoni.
Tulicheka kidogo. Mimi nilicheka zaidi, nilikuwa nimepona.
Wanasema mgonjwa haulizwi uji.
Kweli, wale saba hakuna aliyewauliza.

Jumapili Nyanzobe akapanda mlima kuja kwangu,
jiwe kwa jiwe, Sungwa mgongoni,
kope za mtoto zimegandamana pande zote mbili,
akigeuza kichwa kufuata sauti za kuku.
Hakukaribia. Alisimama kwenye jiwe tunaloanikia dagaa,
akapaza sauti kama mtu aliye ng'ambo ya maji:
Dada Limi, nisamehe.
Lile jicho lako nadhani ni mimi niliyekuletea.
Ile leso yangu.

Akaweka juu ya jiwe robo kilo ya sukari,
akarudi nyuma hatua tano, kama nesi alivyoagiza,
na ya sita akaongeza mwenyewe.

Nilisubiri ashuke mpaka kilemba chake kikazama
kati ya mabati. Nikaichukua sukari.
Kwenye kopo la maziwa posho yangu ilikuwa kamili,
haijapungua hata siku moja.
Chai ya jioni ile niliiacha ikapoa,
halafu nikainywa. Ilikuwa tamu. Ningesemaje.

Amerudi kazini sasa.
Kumi na nne, kumi na tano, bega kwa bega,
maji ya baridi yakitiririka kati ya buti zetu.
Mtoto anaona, asema, ila mwanga unamsumbua.
Akinigeukia kuniambia hayo
humpa jicho la kulia.