Zoezi la Uwili

Jumapili usiku, jikoni kwetu Ptuj.
Tilen amemaliza hesabu: treni mbili
zimepishana Pragersko zikiwa zimechelewa dakika nane.
Mto Drava ameupaka buluu hadi ukafurika nje ya ramani.
Maharage ya sayansi yameota kwenye pamba,
naye ameandika: yamechelewa kidogo, kama treni.
Limebaki zoezi la sarufi.

Lugha yetu hii ina umoja, ina wingi,
na katikati yao ina uwili:
kitenzi cha watu wawili tu,
wa tatu akibisha hodi, kinavunjika.

Sentensi tano, kwa kalamu ya wino.
Ya nne: Babu na bibi wanapogoa mizabibu.

"Walipogoa," akasema kaka yangu Gorazd, mkate mdomoni.
"Babu tulimzika Novemba.
Tena bibi sasa ni umoja."
"Uwili unabaki," nikasema. "Kinachobadilika ni wakati."
"Mwalimu Hribar atakata alama."
"Akate."
Tukagombania kiambishi kama mpaka wa shamba,
tukashusha kabatini kile kitabu kinene cha sarufi,
tukasoma kwa sauti kwamba macho, mikono, wazazi,
ingawa huja viwili viwili, huandikwa kwa wingi.

"Aliyeandika hayo," mama akasema, "hajawahi kuvunjika mkono."
Hakugeuka. Alikuwa anakoroga supu ya maboga
ambayo tayari ilikuwa imekorogeka.

Jumatano daftari likarudi.
Chini ya sentensi ya nne, wino mwekundu,
alama ya kuuliza, ndogo kama ndoana,
pale penye wakati. Uwili haukuguswa.
Tilen aliniuliza asahihishe nini.
Nikamchongea penseli iliyokwisha kuchongwa.

Machi, mteremkoni, mimi na mama na mikasi.
Tangu maziko alikuwa akisema *midva*,
sisi wawili, mmoja wao mwanamume:
*midva* tumechelewa, *midva* hatujalipa maji.
Sikumsahihisha hata mara moja.
Leo, kwenye safu ya tatu, amepuliza vidole,
akasema *midve*,
sisi wawili, wanawake peke yetu:
"*Midve* tutamaliza kabla ya mvua."

Nikakata tawi ambalo halikustahili kukatwa.
Tilen, aliyekaa kwenye toroli, akainua kichwa.
"Hiyo sahihi," akasema,
akaendelea kuhesabu vikonyo.