Raundi ya Nne

Laki tano kabla, laki tano baada.
Tungaraza alizihesabu juu ya ndoo iliyopinduliwa,
nyuma ya banda la mapanki, Igogo,
akilowesha kidole kwa mate.
"Ya nne, Bujiku. Si ya tatu, si ya tano.
Na uanguke kama mtu, usianguke kama gunia."
Nikacheka. Tumbo halikucheka.

Mama alikuwa akichagua mchele,
chuya akiwatupia kuku wa jirani.
Hakuuliza kitu. Aliutazama mkoba wangu wa glovu
kama anavyomtazama sangara aliyeanza kufifia jicho.

Usiku nikapanda Mabatini juu,
kwenye mawe yaliyobeba nyumba za watu mabegani,
nikapigana na kivuli changu hadi jasho likaniwasha macho.
Nikasema kwa sauti, mawe yawe mashahidi:
sianguki.
Hela zake nitamrudishia na mpira uleule aliozifungia.
Baba aliniachia jina na nyundo.
Nyundo nilishauza.

Ukumbi ulinuka dawa ya misuli na dagaa.
Raundi ya kwanza nilimchapa Shigela mpaka viti vikasimama.
Ya pili, ya tatu, nilimwona Tungaraza safu ya mbele
akitazama saa, kama mtu anayengoja meli ya Bukoba.
Utangoja sana, nikamwambia moyoni.

Ikaja ya nne.
Niliingia nimejaa,
mkono wa kushoto ukashuka, kidogo tu
(kiburi hakijui kulinda kidevu)
na Shigela, mtoto wa watu, asiyejua lolote,
akaniletea ya kulia. Safi. Ya halali.
Ngumi ambayo hakuna aliyeinunua.

Nililisikia turubai kabla sijaliona.
Saba. Nane.
Naapa niliiambia miguu iamke.
Miguu ilikuwa na mambo yake.

"Umeigiza, kijana! Nusura hata mimi niamini!"
Tungaraza akanikumbatia,
akazisokomeza laki tano ndani ya kiatu changu.
Nikasema: ile ilikuwa ya kweli.
Kocha akatazama ukuta. Wenzangu wakakonyezana.

Alfajiri nikamfuata Shigela mwaloni Kirumba,
anakopakia barafu.
"Ulinipiga kweli," nikamwambia.
Akavua glovu ya mpira, akanionyesha ngumi iliyovimba.
"Na mkono unauma kweli."
Nikaushika ule uvimbe kwa mikono miwili,
kama stakabadhi.

Kiatu kiko chini ya kitanda.
Bado sijakivaa.