Mguu wa Kushoto

Mimi ni fundi wa Ipogolo. Natengeneza masinki,
ngazi za terazo, na makaburi ya wenye uwezo.
Msinisikilize kama mtu wa historia.

Walikuja watatu, na faili.
Walitaka mnara, njia panda ya kwenda Isombe,
wa Mzagila Kahemela, aliyeangukia kivukoni
mwaka ule Wajerumani walipopanda na mizinga yao.
Nikauliza: sura yake?
Wakatazamana.
Waliompiga risasi hawakumpiga picha.
Kwenye daftari lao ana mstari mmoja tu,
kati ya magunia ya mtama na ng'ombe waliotekwa.

Basi wakanipa kalenda ya benki,
ukurasa wa Septemba, jenerali wa sijui nchi gani:
"Mfanye hivi. Kifua mbele. Na buti, fundi,
usisahau buti. Jemadari hasimami pekupeku
barabara kuu, wakubwa wakipita."

Nikafanya. Nondo, kokoto za Ruaha,
saruji mifuko kumi na nane
(mmoja, niseme kweli, uliishia jikoni kwa mke wangu).
Uso niliuiba kwa shemeji yangu Chengula,
anayebeba lumbesa za viazi sokoni,
kwa sababu ndiye mtu pekee ninayemjua
anayeutazama mzigo bila kuuogopa.
Buti nilizipenda. Nilichonga hata kamba zake,
tundu kwa tundu.

Siku ya uzinduzi ilikuwa baridi ya Julai,
ile inayomfanya mbuzi asogelee jiko.
Kitambaa kilinasa kwenye ncha ya mkuki;
mgambo akapanda kukinasua, watu wakacheka,
bendi ya shule ikarudia wimbo mara ya tatu.
Ndipo wakamwita Bibi Twilumba, mjukuu wa dada yake,
aseme neno la ukoo, dakika mbili.

Alitazama chini. Muda wote alitazama chini.
"Kamwene. Tumeshukuru.
Lakini huyu amevaa viatu."
Wakacheka tena. Akangoja wamalize.
"Siku tatu alilala majini, wanangu.
Uso, samaki na jua walishagawana.
Nguo, askari walishazichukua.
Na maiti zilijaa kama magogo baada ya mafuriko.
Bibi yangu alipita akiinua miguu,
mguu, na mguu, na mguu,
hadi ule wa kushoto usio na kidole cha mwisho.
Jembe lilikikata utotoni, wakilima ulezi,
na aliyelishika jembe ni yeye, bibi yangu.
Kwa kosa lake mwenyewe alimjua.
Kwa hilo tukapata wa kumzika."
Akarudisha kipaza sauti
kama mtu anayerudisha kikombe kwa mwenyewe.

Sikulala wiki ile.
Nilikuwa nimekiziba kwa saruji
kitu kimoja tulichokuwa na hakika nacho.

Usiku wa Jumapili nikachukua patasi,
nyundo nikaivika kitambaa.
Mlinzi, Mgovano, akasogeza jiko la mkaa,
akashika tochi, hakuuliza.
Saruji ikishakomaa haina undugu na mtu;
hadi majogoo yanawika nilikuwa nimevua buti moja.
Vidole vinne. Na pengo.

Barua ya halmashauri ninayo: uharibifu wa mali ya umma.
Awamu ya pili ya malipo imesitishwa.
Na jemadari anasimama vivyo hivyo hadi leo,
buti upande huu, nyayo tupu upande ule,
kama aliyeitwa vitani akiwa bado anavaa.
Chengula akipita na lumbesa hujitazama kule juu,
kisha hutazama kandambili zake.

Bibi Twilumba alikuja mara moja, siku ya gulio.
Hakuniona. Aliweka kapu chini, akainama,
akahesabu kwa Kihehe, kwa kidole,
hadi nne,
na mkono wake ukabaki pale pengoni
mpaka basi la Isombe lilipopiga honi.