Hatua ya Elfu Thelathini na Nane

Baba ni sonara, Mtaa wa Sikukuu.
Wembamba anaujua kwa kidole:
dhahabu ikishapigwa, ikapigwa tena,
anaipuliza; ikitetemeka anasema, "Basi."
Nikamwambia wangu mimi ni wa kaboni.
Chukua unywele, upasue mara elfu kumi,
uzi mmoja wa hapo ndio unene wake.
Akaokota unywele kwenye mto wangu,
akautazama kama anayepokea rehani.

Leza yenyewe sijaiona kwa macho.
Ninayo kompyuta ya mtumba, feni mbili,
chumba cha nyuma, Ilala, joto la Februari,
na hesabu inayokokotoa usiku kucha
jinsi mwanga unavyougonga utando huo.
Sekunde igawe mara bilioni,
kipande kimoja kigawe tena mara milioni,
hesabu vipande thelathini: mwanga umeshapita.

Lakini humo ndani elektroni zote,
zote, si moja moja kama watu wa foleni,
zimeng'oka kwa pamoja,
ukurasa mzima umetoka kitabuni.
Zinakimbia zimebanana, karibu na kasi ya mwanga,
na kila moja haimtaki jirani,
hasi kwa hasi.
Songamano hilo halidumu.
Ukichelewa kulitazama, limeshakuwa ukungu.

Hila iko kwenye utando wa pili, mbele kidogo.
Huo mwanga unaurudisha ulikotoka,
elektroni unaziacha zipite.
Bila huo, mwanga ule ule uliozisukuma
ungezipita na kuzinyang'anya mwendo,
kama mkopo wa simu: unaingia, unakatwa.

Jana, hatua ya elfu arobaini na moja,
zikiwa katikati, utando mmoja nyuma, mmoja mbele,
mita ya Luku ikalia mara tatu.
Giza.
Feni zikazunguka kwa mazoea, zikasita.

Baba akaja na simu, lenzi ya kazini jichoni,
akanisomea tarakimu ishirini, nne nne,
kwa sauti ya mtu anayepima karati.
Ya kumi na saba akakosea. Tukaanza upya.
Na pale, kidole changu kikingoja kwenye kitufe:
"Na zile zinazobaki?"
"Zipi?"
"Kwenye utando. Wenzao si wameondoka wote kwa mpigo?"
Nikamweleza: ni viini, vizito, chanya tupu.
Vinabaki palepale kitambo,
halafu navyo vinasukumana, hadi utando haupo.
"Kitambo gani, Mwanaheri?"
Sikumjibu. Dukani, kwenye mtoto wa meza,
ipo pete ya mama. Mwaka wa tatu, hajaiyeyusha.

Umeme ukarudi. Hesabu ikaanza
pale ilipohifadhiwa mara ya mwisho,
elfu thelathini na nane:
utando mzima, hakuna iliyoondoka.
Baba akavuta kigoda, akakaa.
"Punguza taa," akasema, "nizione."