Saba Haikufika

Jumamosi, ghorofa ya tatu, Gerezani,
kiyoyozi kimezimwa, shati limenigandia mgongoni.
Napiga ghala la Vingunguti, namba mia mbili na nne.
"Sikudhani, hesabu mpaka ishirini. Polepole."
Anahesabu kama anayepokea magunia mlangoni:
moja, mbili, tatu, nne, tano, sita,

nane.
"Saba iko wapi?"
"Nimeisema."
"Haikufika."
"Basi itakuwa imekwama Tazara, kwenye foleni."

Nacheka, ila hajakosea sana.
Sauti haisafiri nzima, Sikudhani. Hukatwakatwa
vipande vyembamba kuliko ganda la kitunguu,
kila kipande na anwani yake, kila kimoja na mbio zake,
na kinachochelewa hakisubiriwi.

Nikapima. Katika mia, vinne vinapotea.
Nikaufuata waya kwa magoti chini ya meza za uhasibu,
nikakuta kabati la chuma limeukanyaga
(tangu lini? tangu walipohamisha fenicha, mwezi wa Ramadhani).
Nikavuta waya mpya, nikabana kichwa, rangi nane kwa mpangilio,
nikazima ruta na kuiwasha, kwa mazoea tu.
"Hesabu tena."
Saba ikafika. Ikafika na mlio wa toroli nyuma yake
na kuku wa jirani.

Ila sasa yeye hanisikii.
"Halo? Halo? We fundi, umekufa?"
Namsikia akipumua, namsikia akimwambia mtu
"huyu naye kapotea", nami napiga kelele
kama niliyefungiwa ndani ya chupa.
Nikamwandikia kwa simu ya mkononi: SUBIRI.

Saa nzima. Chai ikapoa, ikaota utando.
Kumbe ruta, ilipozinduka, ilikumbuka tabia ya kiwandani.
Haikuharibika. Ilikuwa inasaidia!
Kila bahasha ya sauti inayopita inaifungua,
inasahihisha anwani isiyokosewa,
inaifunga upya kwa gundi yake,
na jibu linakwenda kubisha hodi pasipo na nyumba.
Kimbelembele.
Kwenye mipangilio, ukurasa wa mwisho, kuna kisanduku
chenye alama ya tiki. Nikaifuta.

"Sikudhani?"
"Eh! Mbona kama uko hapa, nyuma ya magunia?"

Jumatatu Bwana Rweyongeza akataka kujaribu mwenyewe.
Miezi mitatu jibu lake lilikuwa moja:
"Sikupati, mama, mtandao, mtandao."
Akaweka mkonga sikioni, akabonyeza spika tusikie wote.
"Unanisikia, bosi?"
"Nakusikia. Safi kabisa."
"Vizuri. Posho ya saa za ziada, tangu Machi."

Nikatazama skrini yangu.
Vipande vyote vinafika, hakuna kilichopotea,
hakuna hata kilichochelewa. Kimya kinapita
nzima nzima, bila mkwaruzo, hadi Vingunguti.

Nikauzungusha ule waya mbovu mkononi,
nikautia mkobani, nikasubiri lifti.