Kaa Karudi Upande

Jina lake halisi hatukulijua,
liliandikwa kwa herufi kama njiti za kiberiti zilizomwagika,
kwa hiyo sisi wa Barabara ya Kumi na Sita
tulimwita Kaa, basi.
Mwekundu. Vijiraba kumi na vinne, nilivihesabu,
viwili vikiwa macho.
Alijua mambo mawili: kwenda upande, na kuruka.

Chumba kilikuwa cha Mhina, nyuma ya fundi baiskeli,
televisheni imevikwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi,
shilingi hamsini, maisha matatu,
na Mhina mlangoni, mguu mmoja juu ya dumu,
akisema kila Kaa akitumbukia:
"Waja leo, waondoka leo! Nani anafuata?"

Sisi tulikuwa wawili na hamsini moja.
Tukagawana pedi kama muhogo wa kuchoma:
mimi kidole cha kutembea,
Hatibu, mdogo wangu, kidole cha kuruka.
Sikumwambia "ruka". Hakuniambia "nenda".
Lilitushinda shimo la tatu tu,
lile lenye jiwe linalozama ukilikanyaga mara mbili,
na umeme wa Hale, uliokuwa na tabia zake.

Halafu Kaa akakua, kama watu.
La pili, akapewa upanga. Kaa! Mwenye magando yake mwenyewe!
La tatu, farasi na mchumba.
La nne akaanza kusema, akasema, akasema,
ukibonyeza batani ili aruke, analia kwanza.
La tano lilikuwa na duka ndani yake,
gamba la dhahabu unalilipia kwa simu,
na ukifa unasubiri saa sita
kama mtu wa foleni ya Bombo.
Nikaacha. Nilikuwa na cherehani, na mtoto, na kesi:
mimi na Hatibu, nyumba ya baba, Chumbageni,
mawakili wawili kwa vyumba vinne.
Angalia tulivyojifunza kusema.

Sasa la sita limetoka. Kaliweka Nyange,
mtoto wa Hatibu, aliyeletwa kwangu likizo
na mama yake, bila salamu za baba.
"Shangazi, wameliharibu. Halina kitu.
Hakuna upanga, hakuna ramani. Anaenda upande tu, anaruka."
Nikaweka chini kanzu ya watu niliyokuwa naipiga pindo.
"Lete."

Vijiraba vilevile. Wangeweza kumpa vinyweleo na kivuli,
mashine za siku hizi zinaweza; wamemwacha vile.
Mlio wa kuruka uleule, kizibo cha soda.
Nilitembea vizuri. Kidole gumba kilikumbuka kila kokoto.
Lakini kila nilipofika ukingoni nilisimama,
nikingoja mtu aruke.

Nikafa mara tatu. Waja leo.
Nyange akacheka, akasogea, akabana bega lake na langu,
akaweka kidole palepale, bila kuombwa,
ukucha umetafunwa upande mmoja, kama wa babaye.

Zamani, Usagara, nilitunga kwa vina na mizani,
kisha nikaviacha, niliona vinabana.
Leo nitaruka navyo shimo moja:

Kaa karudi upande, upanga ameuweka,
Pedi moja, mbili pande, wa kwenda na wa kuruka,
Jiwe lizame, liende, tumekwisha kulivuka,
Hatibu, shika kipande, shimo la nne lafika.

Nimemtumia hiyo kwa simu, saa tano usiku.
Tiki mbili. Zimekuwa za bluu.
Bado hajajibu. Nyange anauliza
kama tuendelee au tuzime.
Namwambia asiguse kitu,
aache Kaa asimame hapo ukingoni,
anapepesa macho, mraba na mraba.