Pembeni mwa Kaye

Karani, usifunge dirisha bado.
Nimepanda kwa miguu kutoka Kadutu, matope haya ni ya leo.
Hawa wote kwenye foleni wanataka cheti cha mwenendo mwema.
Mimi sitaki cheti. Natafuta jina.

Fungua kaye ile kubwa, ya jalada la kijani,
iliyoliwa pembeni na panya.
Mwezi wa kumi na moja, mstari wa tisa:
Akonkwa Cirhuza, miaka kumi na minane.

Kumi na minane na siku kumi na tisa, andika vizuri.
Mimi nilibakiza miezi minne niifikie.
Darasa moja, benchi moja, kamusi moja ya Kifaransa
iliyopoteza kurasa zote baada ya herufi T.

Alichonifanyia nitakueleza, maana hakuna aliyeniuliza:
aliniandikia barua sita.
Alinishika mkono kwenye ngazi za Funu.
Alinivalisha koti lake mvua ilipotukuta nyuma ya kanisa,
na kaka yangu akatuona,
na miguu ya kaka yangu ilikuwa myepesi kuliko akili yake.

Baba hakukasirika sana. Hilo ndilo linalonisumbua.
Alimaliza chai, akapiga hesabu:
ng'ombe watano, na ule mpaka wa kiwanja.
Babake Akonkwa alikuwa na mbuzi wawili na deni.
Basi faili likaenda parke.

Kule waliniita mhanga.
Nilidhani wanamwita mtu nyuma yangu. Nikageuka.

Usidhani naichukia sheria.
Shangazi yangu Nsimire aliingoja
kama mtu anayengoja maji bombani, ndoo mkononi, usiku kucha.
Waliomkuta shambani walikuwa na bunduki.
Tafuta majina yao humo. Tafuta tu, nitasubiri.

Hayamo, sivyo?
Ziwa letu halina mamba, karani. Mamba wetu hutembea nchi kavu,
na wavu uliofumwa kwa ajili yao
ulitoka na sambaza wawili.

Akonkwa alirudi kutoka gerezani na kikohozi.
Watu wa umeme walimtaka, mpaka walipoomba cheti.
Shule ilimtaka afundishe hesabu, mpaka cheti.
Sasa anatengeneza redio pale Essence,
na akina mama wakikaribia kibanda chake
huvuta watoto upande wa pili wa barabara.
Ukiwauliza kwa nini, hawajui. Walisikia.
Siku bintiye alipocheza ngoma shuleni
alimtazama kupitia tundu la ua.

Nilimpelekea redio yangu mara moja.
Aliiweka juu ya meza, imepona,
akarudi nyuma hatua tatu ndipo nikaichukua.
Pesa alikataa. Macho pia.

Na mimi? Wachumba wawili waliishia mlangoni
waliposikia ndiye yule wa kesi.
Kaye yako ina safu mbili, mkosaji na mhanga.
Koti moja la watu wawili mngeliandika wapi?

Unasema kufuta si kazi yako.
Unasema sahihi ya mhanga haihesabiwi,
nilete barua ya mlalamikaji.
Mlalamikaji amelala makaburini Ruzizi tangu Pasaka,
na mpaka wa kiwanja uko palepale.

Haya, funga dirisha.
Ila niazime kalamu kwanza.
Sifuti kitu, usiogope, tazama mkono wangu.
Nataka kuandika pembeni, herufi ndogo,
pale panya alipobakiza:

mvua ilikuwa inanyesha.